Mtandao wa Mfukoni mwa Rifaat

Faili lilikuwa limefika asilimia sitini na mbili Rifaat alipoinuka, akavaa koti, akatia simu kwenye mfuko wa shati na kusema anakwenda mkahawani. Najla alimwomba angoje dakika kumi tu, michoro imalize kwenda. Rifaat akajibu kwamba wanaume wanamsubiri, na kwamba hajawahi kuona mchoro wa kitanda ukafa kwa kuchelewa. Akafungua mlango. Kwenye kona ya skrini, vistari vya mtandao vikashuka kutoka vinne hadi vitatu.

Basi Najla akafanya alilokwisha kulifanya mara mbili mwezi ule. Akajitupia mtandio kichwani, akachomoa waya wa umeme, akaibeba kompyuta ikiwa wazi vilevile, mwanga wake ukimpiga kidevuni, akamfuata mumewe kwenye ngazi. Ghorofa nne. Rifaat alisikia ndara zake nyuma yake na hakupunguza mwendo. Walipofika barabarani ndiyo kwanza akaongeza hatua, kifua mbele, akiwaamkua wenye maduka ya vitanda mmoja mmoja kwa jina. Alipofika famasi alisimama kumsalimu mfamasia, naye Najla akasimama kando ya mkokoteni wa mboga, hatua kumi nyuma, mikono imemkakamaa. Asilimia sabini na moja. Mwanamke mmoja aliyekuwa akichagua kabichi akamuuliza kama mashine hiyo anaiuza.

Mkahawa ulikuwa na meza nje, tupu zote kwa sababu ya baridi ya Januari. Rifaat angeweza kukaa hapo. Akaingia ndani, akapita meza zote, akakaa ya mwisho karibu na jiko la mkaa wa shisha. Najla akaketi kwenye kizingiti cha duka la kinyozi lililokuwa limefungwa, kompyuta mapajani, akaangalia kistari kimoja kilichobaki kikiwaka na kuzima. Kupitia kioo alimwona mumewe akimwonyesha kwa kidole. Wanaume wakageuka, wakacheka. Baadaye kidogo Shaaban, muuza sponji za makochi, alitoka na kiti cha plastiki akamwekea, uso umejaa haya. Alisema ustadh Rifaat anatania tu huko ndani. Najla akamuuliza anatania nini. Shaaban hakutaka kusema, kisha akasema.

"Anasema yule pale nje ni kiwanda chake, na yeye ndiye mnara. Akiondoka na simu, kiwanda kinasimama."

"Mwambie mnara usogee karibu na dirisha," Najla akasema. "Nimebakiza asilimia tisa."

Shaaban alirudi ndani. Mnara haukusogea.

*

Tangu vuli, wachimbaji wa bomba la gesi walikuwa wameukata waya wa simu wa mtaa mzima, na kila aliyekwenda kulalamika alirudi na karatasi yenye mhuri. Simu ya Najla ilidumbukia kwenye sinki la vyombo wiki hiyohiyo. Rifaat aliahidi kununua nyingine, na ahadi hiyo alikuwa akiitoa upya kila mwezi kwa moyo mkunjufu kabisa. Kwa hiyo intaneti ya nyumba ile yote ilipitia katika simu ya Rifaat. Aliwasha hotspoti alipotaka na kuizima alipotaka. Akikasirishwa, alibadilisha neno la siri, na lile alilokuwa ameweka mwezi huo lilikuwa "asanterifaat", herufi ndogo, bila nafasi, na Najla alilazimika kuliandika kwa vidole vyake kila asubuhi kabla ya kuanza kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kuchora vyumba vya kulala. Nusu ya mji wao wa Dumyat, kule Misri, hutengeneza samani na nusu nyingine huziuza; Najla alizichora, kwa vipimo, kwa rangi, na kivuli cha taa kikiangukia ubavuni mwa kabati, hata mteja aliye mbali akadhani amekwisha kulala humo. Rifaat aliipeleka michoro kwa wateja kutoka barua pepe yake, chini yake ameandika: Mhandisi Rifaat. Uhandisi huo alipewa na mhudumu wa mkahawa, ambaye humwita mhandisi kila mtu anayevaa koti, na Rifaat alikuwa mtu pekee mjini aliyeamini.

Jumatano jioni, juu ya sahani za maharage na jibini nyeupe, alitangaza kwamba Bi Hessa wa Kuwait anataka kuongea na mchoraji uso kwa uso, kesho saa nne asubuhi, kwa video. Bi Hessa alikuwa na jengo la fleti za kupangisha, vyumba thelathini na sita, na alitaka vyumba vyote kutoka mkono mmoja. Kulikuwa na wachoraji wa mji mwingine waliokuwa wakiigombea kazi hiyo. Kabla ya adhuhuri angeamua.

"Vizuri," Najla akasema. "Nitavaa lile gauni la bluu."

Rifaat akatafuna polepole. "La nini?"

"Si anamtaka mchoraji?"

Akamweleza kwa upole, kama anavyomweleza mtu anayemwonea huruma, kwamba barua zote zina jina lake, kwamba Bi Hessa anamjua mhandisi mwanamume, kwamba biashara ni imani na mteja akiona mambo yamegeukageuka atakimbia. Yeye atakaa mbele ya kamera. Najla atakaa pembeni, nje ya picha, ashike kipanya. Mbona ni kitu kidogo. Fedha si zinaingia nyumba hiyohiyo.

Binti yao Mawadda, aliyekuwa na miaka kumi na sita na aliyesikia kila kitu katika nyumba ile huku macho yake yakiwa kwenye kitabu, akauliza baba atasema nini akiulizwa kuhusu mchoro.

"Nitasema kilichomo," Rifaat akajibu.

"Humo mna nini?"

Rifaat akamwambia ale. Najla alimtazama mumewe akipangusa sahani kwa mkate, akarudia mara mbili, na akagundua kwamba hakuwa na hasira hata chembe. Hasira ilikuwa imemwisha wakati fulani, pengine kwenye kile kizingiti cha kinyozi. Kilichobaki kilikuwa baridi zaidi, nacho hakikumsumbua usingizi.

*

Saa nne kasoro dakika tano Rifaat aliketi mezani akiwa na shati jeupe, tai, koti la harusi ya mdogo wake, na chini yake suruali ya kulalia yenye mistari. Simu aliiweka kwenye dirisha, mahali ambapo mtandao ulishika vizuri. Najla alimwomba azuie watu wasimpigie kwa saa moja, maana simu ile ilikuwa ya zamani kidogo: mtu akipiga, intaneti hukatika mpaka mazungumzo yaishe. Rifaat akasema yeye si mtu wa kuzima simu. Watu wakubwa humpigia.

Bi Hessa alitokea kwenye skrini, mwanamke wa miaka hamsini hivi, miwani imepandishwa kwenye kilemba, kikombe mkononi. Hakupoteza muda kwa salamu ndefu. Aliuliza kwa nini kabati la chumba kidogo limewekwa upande wa mlango.

"Kwa ajili ya uzuri," Rifaat akasema.

"Na mlango wa kabati ukifunguka, unagonga kitanda?"

"Haugongi. Tutauelekeza."

Najla, ameinama chini ya ukingo wa meza kama mtu anayetafuta hereni, aliandika kwenye karatasi: MILANGO YA KUTELEZA. Akaisogeza. Rifaat aliisoma kwa sauti, neno kwa neno, na alipofika mwisho akaongeza la kwake, kwamba milango hiyo ni ya kifahari sana, hata mabalozi wanaitumia. Bi Hessa akasema fleti zake ni za wauguzi na wahasibu.

Hapo simu ikaanza kunguruma dirishani. Uso wa Bi Hessa ukaganda, mdomo wazi. Aliyepiga alikuwa Ihsan, dada yake Rifaat, kuuliza kama bata wa Ijumaa ajazwe vitunguu kama kawaida au safari hii waweke wali. Rifaat alizungumza naye kwa dakika nne. Alisema vitunguu. Akauliza hali ya mguu wa shemeji. Najla alisimama katikati ya chumba, mikono pembeni, akimtazama jinsi mtu anavyomtazama ng'ombe aliyelala barabarani, akijua kwamba kumpigia kelele hakusaidii.

Bi Hessa aliporudi alikuwa ameacha kikombe. Alisema ana maswali matatu na hana asubuhi nzima. Aliomba kabati lihamishiwe ukuta wa dirisha, sasa hivi, aone. Rifaat akakunja mikono kifuani, akaegemea, akasema kwa sauti ya bosi:

"Sekretari, hamisha kabati."

Najla akalihamisha. Kwenye skrini kabati likateleza, likageuka, likakaa ukutani. Pazia likafupishwa ili lisifunikwe. Meza ya kujipambia ikasogea kuliachia nafasi. Alifanya yote hayo kwa sekunde ishirini, na kwa muda ule mfupi akasahau kwamba amepiga magoti. Bi Hessa akauliza nani amefupisha pazia, maana yeye hakuomba.

"Mimi," Rifaat akasema. "Niliona lazima."

"Mhandisi, mikono yako yote miwili naiona. Iko kifuani."

Kule chini muuza gesi alisikika akigonga mtungi wake. Shingo ya Rifaat ikapanda wekundu kutoka kwenye tai hadi masikioni. Bi Hessa akasema, bila ukali, kwamba angependa kuongea na mwenye mikono. Kwamba ana mpaka adhuhuri.

Rifaat akainuka. Najla angeweza kumsamehe mengi kama angeinuka na kumpisha. Yeye alikwenda dirishani, akachukua simu, akabonyeza kitu kwa kidole gumba, na Bi Hessa akatoweka.

"Haya, mchoraji," akasema. "Chora."

Akavaa viatu bila kufunga kamba na kutoka na suruali yake ya mistari. Alipofika ghorofa ya pili ndipo alipokumbuka suruali, lakini hakuweza kurudi, na kwa hilo akamchukia mkewe zaidi.

*

Bi Taghrid, mshonaji wa ghorofa ya chini, alikuwa na wateja wawili na gauni la harusi mezani Najla alipoingia na kompyuta chini ya kwapa. Hakuuliza mengi, majengo yale yana kuta nyembamba. Alisema simu yake ni hii, lakini bando lililobaki ni gigabaiti mbili, nazo alikuwa amezitunza kwa ajili ya Ijumaa. Kila Ijumaa alizungumza kwa video na mwanawe aliyeko Milano, anayeosha vyombo huko na kudai ni mpishi.

"Nitakurudishia," Najla akasema.

"Sijasema unirudishie. Nasema usiwashe kamera, inakula sana." Bi Taghrid akawageukia wateja wake na kuwaomba warudi baada ya Adhuhuri. Mmoja akanung'unika kwamba harusi ni Jumapili. Bi Taghrid akamwambia bwana harusi hatakwenda popote, mwenyewe amemwona.

Ilichukua dakika saba kuipata hotspoti katika simu ya Bi Taghrid, kwa kuwa hakuna kati yao aliyewahi kuiwasha, na wote wawili walikuwa wakibonyeza kwa woga kama watakaolipua nyumba. Saa tano na robo Najla akaweka kompyuta juu ya ubao wa kupigia pasi, katikati ya matambara ya satini, na kurudi kwenye mkutano. Hakuwasha kamera. Alisema yeye ni Najla, na kwamba mikono ile ni yake.

Bi Hessa hakushangilia. Aliuliza mhandisi ni nani kwake. Najla akajibu ni mumewe. Bi Hessa akasema, "Aa," na katika hiyo "aa" kulikuwa na waume wengi. Kisha wakafanya kazi. Kwa muda wa dakika arobaini walihamisha, walipima, walibishana juu ya urefu wa kitanda na kina cha droo. Najla alimwambia waziwazi kwamba kioo kikubwa alichokitaka kitavunjika safarini, aweke viwili vidogo. Kila baada ya dakika chache Bi Taghrid aliinama kuangalia simu yake na kutaja kilichobaki, polepole, kama muuguzi anayesoma homa.

Mwishoni Bi Hessa akavua miwani. Alisema michoro ameipenda. Akasema pia kwamba bei aliyopewa ilikuwa bei ya ofisi ya mhandisi, na sasa anaona hakuna ofisi wala mhandisi, kuna mama wa nyumbani na kompyuta. Yeye ni mfanyabiashara. Anadhani nusu ingetosha, na Najla bado angefurahi.

Bi Taghrid, aliyekuwa akisikia yote, akaweka sindano chini.

Najla alihisi uso ukimwaka. Alikuwa ametoka kwa mtu mmoja anayemwita sekretari akaingia kwa mwingine anayemwita mama wa nyumbani, na wote wawili walitaka kitu kilekile.

"Bei ni ya michoro, Bi Hessa," akasema. "Mikono iliyoichora haijabadilika tangu saa nne."

Upande wa pili kikasikika kijiko kikizunguka kikombeni. Bi Hessa akasema apewe jina lake kamili, linavyoandikwa kwenye kitambulisho, na namba ambayo fedha zitaingia. Najla hakuwa na namba. Akamtajia ya Bi Taghrid, na Bi Taghrid akaikariri kwa sauti, tarakimu baada ya tarakimu, amesimama wima kama mtoto darasani. Bando likaisha wakiwa kwenye tarakimu ya mwisho, lakini ilikuwa imekwisha kufika.

*

Rifaat alirudi wakati wa Magharibi, amevaa suruali aliyoazimwa na Shaaban. Alikwisha kupata hadithi yake. Mkahawani aliwaambia kwamba ameamua kumwachia mkewe mteja mmoja, apate uzoefu. Nyumbani alisubiri aombwe neno la siri jipya, akasubiri siku tatu, na siku ya nne Najla aliingia na simu yake mwenyewe, mpya, yenye laini yake na bando lake. Alikwisha kumpelekea Bi Taghrid la kwake, kubwa, la kuzungumzia na Milano mpaka mwanawe achoke.

Mkutano wake wa kwanza na karakana itakayotengeneza samani hizo ulikuwa wiki iliyofuata. Bi Hessa alitaka aende mwenyewe kukagua mbao kabla hazijakatwa. Haji Shinawi, mwenye karakana kule upande wa mfereji, alikuwa amepanga mbao za zan, mti mgumu wa Ulaya, hadi dari, nyekundu, zimenyooka, zinapendeza. Najla alivaa gauni la bluu. Rifaat alikuja bila kualikwa, akitembea nyuma yake safari hii, akidai kwamba Haji Shinawi ni rafiki yake wa zamani na kwamba mwanamke peke yake ataibiwa.

Lipo jambo moja ambalo Rifaat alilijua kweli, na ni ajabu kwamba hakuwahi kujisifia. Alizaliwa juu ya maranda. Baba yake alikuwa seremala na babu yake vilevile, na kabla hajajifanya mhandisi alikuwa kijana anayejua mbao kama watu wanavyojua ndugu zao. Alizipita zile za mbele. Akavuta moja kutoka katikati ya rundo, akailaza shavuni, akafumba macho. Akaigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Akarudi kwa mkewe na kumnong'oneza kwamba zimelala mvuani. Za mbele ni kavu, za kati ni mbichi. Zikifika kwenye joto la Kuwait zitapinda, na vitanda vyote vitalia.

Aliyasema hayo bila majivuno, kwa haraka, kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba kamba ya kiatu imefunguka. Wafanyakazi watatu waliacha kupiga randa ili wasikie. Haji Shinawi alikuwa anakuja na sinia la chai. Najla aliona kwamba katika dakika moja nyingine mumewe angeshika mazungumzo, Haji angemwita mhandisi, na yeye angebaki amesimama na pochi yake.

"Baba Mawadda," akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "nisubiri nje. Nina kazi."

Mmoja wa wafanyakazi akatazama chini. Rifaat akaitikia kidogo kwa kichwa, kama anayekubaliana na mtu mwingine, akatoka, akaenda kusimama karibu na mfereji, mikono ndani ya mifuko.

Najla akanywa chai yote. Akamsifu Haji kwa mbao zake. Kisha akamwomba alete kipima unyevu, na avute zile za katikati. Haji akasema kipima kimeazimwa. Najla akasema atangoja kirudi. Kipima kikapatikana kwenye droo. Kwenye mbao za mbele kilisoma asilimia tisa. Kwenye za kati ishirini na mbili. Haji Shinawi akasema Mungu ndiye anayeleta mvua. Lakini alimwangalia Najla kwa jicho jingine, na alipomsindikiza mlangoni alimwita "mhandisi" mbele ya watu wake, na akakubali kubadilisha rundo zima kwa gharama yake.

Njiani Rifaat alitembea kando yake mpaka darajani kabla ya kuuliza.

"Vipi zile mbao?"

"Mambo ya kazi," Najla akasema.

Hakuuliza tena. Alinunua mashabak, vitamu vya kukaanga vyenye asali, kwa fedha chache alizokuwa nazo, akampa Najla kifurushi akibebe, naye akakibeba.

Usiku huo huo Bi Hessa alipiga. Najla alizungumza naye sebuleni, na kamera imewashwa. Mawadda alikuwa upande mmoja wa meza akilamba asali ya mashabak vidoleni. Rifaat alikuwa jikoni anaosha glasi, jambo alilolianza wiki ile bila kuambiwa na mtu, na mlango ulikuwa wazi. Bi Hessa alisema Haji Shinawi amempigia mwenyewe, amekiri, ameomba radhi. Alisema katika miaka ishirini ya kununua samani hajaona mtu akachomoa mbao mbichi katikati ya rundo. Akauliza hilo jicho amelipata wapi.

Jikoni maji yakakoma kutiririka.

Najla hakugeuka. Mawadda ndiye aliyegeuka, akamwangalia baba yake aliyesimama na glasi mkononi, kisha akamwangalia mama yake, akangoja jibu, kwa uso wa mtu aliye darasani.

"Ni uzoefu tu, Bi Hessa," Najla akasema. "Asante."

Maji yakaanza tena. Mawadda akatabasamu, akachukua kipande kingine cha mashabak, na Najla akafungua mchoro wa chumba cha pili.